Nyika Isiyo na Wenyeji: Michezo ya Video na Hadhira Isiyotarajiwa ya Tarime na Serengeti

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuziweka tanzu mpya mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuzikaribisha ndani. Ushairi huru ulizua mgogoro mkali katika miaka ya 1970, na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, hakikupokewa na wote kuwa ni ushairi. Leo kazi hiyo hufundishwa bila mtu kuuliza kama ni halali. Mchezo wa video umefika Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Haukupitia kwa mchapishaji wala kwa mwalimu. Umeingia kupitia simu za mkononi na vibanda vya gemu, ambamo vijana hulipa fedha kidogo ili washike pedi kwa muda uliokubaliwa. Kwa kuwa haukubisha hodi katika idara za fasihi, idara hizo nazo hazikuhisi kuwa zina wajibu wa kuuhakiki.

Makala haya yanatetea hoja moja. Michezo mingi iliyotumia nyika ya Afrika Mashariki, miji yake au lugha ya Kiswahili ilitungwa kwa ajili ya hadhira ambayo mwenyeji hakuhesabiwa ndani yake. Mwenyeji huyo anapoketi na kucheza, maana ya kazi hubadilika, na badiliko hilo ndilo uwanja wa mhakiki wa Kiswahili. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinafaa kuwa kipimo cha hoja hii kwa sababu mbili. Kwanza, jina la Serengeti limekuwa picha ya Afrika nzima katika macho ya ulimwengu. Pili, watu wa wilaya hizo wana masimulizi yao wenyewe kuhusu ardhi hiyo hiyo, na masimulizi hayo hayafanani hata kidogo na picha hiyo.

2.0 Mchezo kama Utendaji

Wapo watakaosema kwamba mchezo wa video ni burudani tu na kwamba kuuita fasihi ni kulitanua neno hadi lipasuke. Pingamizi hili lina uzito, lakini linajibika. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alionyesha kuwa tungo simulizi haiwezi kutenganishwa na muktadha wake: kuna fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Vipengele hivyo vikipelekwa kwenye mchezo wa video, vyote vinapatikana, isipokuwa kwamba mipaka kati ya fanani na hadhira imevurugika. Mchezaji ni hadhira ya mtunzi aliye mbali, na papo hapo ni fanani mbele ya wenzake wanaomtazama.

Mfano ulio wazi ni mchezo wa kandanda, ambao ndio uliotawala vibanda vya miji mingi ya Tanzania. Mfululizo wa kampuni ya EA, ulioacha jina la FIFA mwaka 2023 na kuitwa EA Sports FC, huja na watangazaji wake wanaosema Kiingereza. Lakini Watanzania wamelelewa na utangazaji wa kandanda wa redioni, ambao ni sanaa ya mdomo yenye mbwembwe, majazi na tambo zake. Si ajabu, basi, sauti ya runinga ikapunguzwa na mtazamaji mmoja akachukua nafasi ya mtangazaji, akampa mshambuliaji wa Ulaya lakabu ya jirani aliyekaa pembeni. Mhakiki anayesoma mchezo huo kwenye kisanduku chake pekee hataiona tungo hiyo ya pili, ilhali kifani ndiyo iliyo tajiri zaidi.

3.0 Nyika Iliyofagiliwa

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka ndani ya hifadhi na kupelekwa Ngorongoro, na katika kipindi hicho watu wa upande wa magharibi, yaani Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na wengineo, walizidi kuzuiwa kuingia katika mawindo na malisho yao. Mwaka 1994 maeneo ya Ikorongo na Grumeti nayo yakatangazwa kuwa mapori ya akiba. Mwaka huo huo wa 1959 ndipo filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti ilipotoka. Mwaka 1960 ilipata tuzo ya Oscar. Filamu hiyo ilisaidia sana uhifadhi, na jambo hilo halifai kubezwa. Lakini pia iliuthibitishia ulimwengu kwamba nyika kamili ni ile inayoonekana kutoka angani, yenye makundi ya nyumbu, isiyo na moshi wa jiko.

Michezo ya video imeirithi picha hiyo bila kuihoji. Mchezo wa Afrika, uliotengenezwa na Rhino Studios kwa ajili ya PlayStation 3 na kutoka Japani mwaka 2008, humfanya mchezaji kuwa mpiga picha anayetumwa kuwapiga picha wanyama wa mbugani. Ni mchezo wa upole, usio na bunduki, na muziki wake wa okestra umesifiwa kwa haki. Hata hivyo kazi za mpiga picha huja kwa barua pepe kutoka mbali, na picha hurudishwa huko huko. Mbuga ni ghala la sura nzuri. Si mahali ambapo mtu amezikwa au amezaliwa.

Katika utanzu wa kufyatua risasi hali ni ile ile, ingawa kelele zimeongezeka. Far Cry 2 ya Ubisoft Montreal (2008) imewekwa katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, inayopiganiwa na makundi mawili, na mchezaji ni mamluki mwenye malaria aliyetumwa kumuua mfanyabiashara wa silaha. Kwa ukosoaji wake wa vita na mamluki, huu ni mmoja wa michezo yenye fikra katika utanzu wake. Lakini mchezaji hupita barabara ndefu za vumbi akikutana na pundamilia, swala na watu wenye silaha, wala asimkute mama anayetoka kisimani. Raia wachache waliosalia wamefichwa majumbani wakisubiri kutoroshwa. Mtunzi ana sababu: vita vimewafukuza. Hata hivyo sababu hiyo inamwondolea pia kazi ngumu ya kubuni watu wanaoishi.

Halo 3: ODST ya Bungie (2009) inatoka nyikani na kuingia mjini, tena mji wa Waswahili. Mombasa Mpya ya mwaka 2552 ina barabara iitwayo Kizingo, jina ambalo kila mkazi wa Mombasa ya leo analijua. Mchezaji huitembea usiku, na mitaa imebaki bila wenyewe. Majina yamehifadhiwa, walioyatoa wamekwisha kuondolewa. Michezo mitatu tofauti, basi, imefika kwenye utupu mmoja, na hii haiwezi kuwa sadfa tu. Ni mazoea ya kiitikadi yaliyogeuka kuwa mbinu ya kifani.

4.0 Kiswahili Kisichotarajiwa Kueleweka

Pale ambapo watu hawakuondolewa, lugha yao imetumiwa kwa namna ya ajabu. Resident Evil 5 ya Capcom (2009), mchezo wa kutisha, inatokea Kijuju, mahali pa kubuni panaposemwa kuwa Afrika ya Magharibi, lakini wanakijiji walioambukizwa hupiga kelele kwa Kiswahili. Wanaitwa Majini, na mchezo huufasiri msamiati huo kuwa ni pepo wabaya. Msomaji wa Kiswahili anajua kuwa jini, katika imani za pwani, aweza kuwa wa kheri au wa shari, na ana dini na tabia kama binadamu. Fasiri ya mchezo imemnyang'anya hata jini utu wake.

Tangu vipande vya kwanza vya mchezo huu vilipoonyeshwa mwaka 2007, mjadala wa Marekani na Ulaya ulihusu picha: Mzungu mwenye bunduki akiwapiga risasi watu weusi. Mjadala huo ulikuwa wa haki, lakini ulihusu macho na kuyaacha masikio. Kwa mchezaji wa Osaka au Chicago, sauti za Majini ni mngurumo. Kwa kijana wa Sirari au Mugumu ni maneno. Yeye peke yake, miongoni mwa wachezaji wote, anamwelewa adui kabla ya kumpiga risasi, na hofu ambayo mtunzi aliijenga juu ya kutoeleweka inaweza kugeuka kicheko, au kugeuka aibu. Hapo ndipo hadhira isiyotarajiwa inapoipindua kazi, na nadharia yoyote ya upokezi itakayojengwa bila mchezaji huyo itakuwa na upungufu.

Kinyume cha Resident Evil 5 kinaonekana kuwa Civilization IV ya Firaxis (2005), mchezo wa mikakati unaofunguliwa kwa wimbo wa Baba Yetu wa Christopher Tin. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kufanya hivyo. Hapa Kiswahili kimepewa heshima ya kuwa sauti ya binadamu wote. Lakini mchezaji akishapita mlangoni na kuchagua taifa la kuliongoza, taifa la Waswahili halimo. Katika Civilization VI (2016) Zanzibar imo, ikiwa dola ndogo ya mji isiyochezwa na mtu, na faida inayompa mfadhili wake ni karafuu na mdalasini. Lugha imeimbwa, bidhaa zimehesabiwa, lakini mwenye lugha na bidhaa hajapewa zamu ya kucheza. Heshima ya namna hii ni bora kuliko matusi. Hata hivyo haiondoi swali la msingi kuhusu nani anatenda na nani anatendwa.

5.0 Zau na Mipaka ya Marekebisho

Marekebisho yameanza. Yale ya ndani ya Afrika Mashariki yalianza kwa kuiga: Nairobi X ya Black Division Games ya Kenya (2015) ilichukua umbo la mchezo wa kufyatua risasi kama lilivyo na kulihamishia Nairobi iliyovamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Hatua kubwa zaidi ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotolewa na Surgent Studios mwezi Aprili 2024 chini ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe baba yake aliyefariki. Kisa kimezaliwa na msiba wa mtunzi mwenyewe wa kumpoteza baba, na mchezo mzima unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Kwa mara hii lugha haikuwekwa ili itishe wala ipambe. Imewekwa ili mtoto amlilie mzazi wake na aeleweke.

Sifa hizo zisizuie uhakiki. Zau anapambana na Impundulu wa simulizi za kusini mwa Afrika na GaGorib wa simulizi za Wakhoikhoi ndani ya nchi moja ya kubuni. Mchanganyiko huo unazaa uzuri wa kuonekana, lakini unavikata visasili kutoka kwenye ardhi vilikoota. Tofauti inaonekana mara moja mtu anapotazama masimulizi ya magharibi mwa Serengeti, yaliyochunguzwa na Jan Bender Shetler katika Imagining Serengeti (2007). Huko asili ya jamii husimuliwa kwa kukutana kwa mwanamume mwindaji na mwanamke mkulima, na pembe za ndovu ziitwazo Machaba, zinazoheshimiwa na Waikoma, hufungamanishwa na uwezo wa waganga wa Kitaturu. Kilima, chemchemi na njia ya mawindo ni sehemu ya hoja ya simulizi. Ukiviondoa, simulizi hubaki mifupa. Mtunzi wa mchezo anayetaka nyika yenye wenyeji angeikuta hapo tayari imepangwa, yenye majina, safari, mapatano na miiko.

Suala la lugha nalo halimaliziki kwa Zau. Ni rahisi kudhani kwamba mchezo ukisema Kiswahili umekwisha kuwa wa wenyeji. Tarime ni nchi ya Wakurya. Kiswahili ni lugha yao ya shule, soko na dola, lakini masimulizi ya wazee na nyimbo za litungu ni za Kikurya. Kiswahili kikipokea nafasi iliyoachwa wazi na Kiingereza bila kujiuliza, kinaweza kuifagia nyika kwa mara ya pili. Idara za Kiswahili ndizo zenye wajibu wa kulisema hili kwanza, kabla halijasemwa na wengine kwa nia mbaya.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba michezo iliyojadiliwa, licha ya kutofautiana kwa utanzu na ubora, inaweza kupimwa kwa swali moja: je, mtu wa Tarime au Serengeti anapoicheza, kazi inamjua kuwa yupo? Afrika na Far Cry 2 hazimjui. Resident Evil 5 inamsemesha bila kujua kuwa anasikia. Civilization IV inamwimbia. Zau inazungumza naye, ingawa bado haijafika kwake.

Yafaa wanafunzi wa uzamili waanze kuitafiti michezo hii mahali inapochezwa, wakirekodi utendaji wa wachezaji sawa na wanavyorekodi ngano na majigambo. Yafaa pia msamiati wa uhakiki wake uundwe kwa Kiswahili mapema, maana utanzu ukishapata istilahi zake kwingine ni vigumu kuufikiria upya. Na atakayeyachukua masimulizi ya Waikoma au Wakurya kuyatia katika mchezo hana budi kuanzia kwa wenyewe, kwa ridhaa yao na kwa lugha yao. Watu waliokwisha kuondolewa katika ardhi kwa sheria, na katika picha kwa kamera, wasiondolewe tena katika masimulizi yao kwa jina la kuyaendeleza.