Laptopu Ikichemka Tusikimbilie Kuitoboa



Nataka tuzungumze juu ya jambo dogo linalotugharimu fedha nyingi. Mpwa wangu wa Bunda alinunuliwa laptopu ya mtumba na baba yake, kwa fedha za pamba. Ikawa inazimika kila baada ya nusu saa. Fundi mmoja akaitoboa matundu upande wa chini kwa drili, eti ipate kupumua. Haikumaliza wiki, ikafa kabisa. Jasho la msimu mzima likapotea hivyo.

Kwanza tuelewe kwamba ile kuzimika ni kinga. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni hili: joto limeshindwaje kutoka?

Kwetu Mara jibu mara nyingi ni vumbi. Barabara za udongo za Butiama tunazijua, na Musoma kuna vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku. Vyote huvutwa na feni, vikaziba mapezi ya chuma yanayotolea joto. Ukitoboa ovyo, uchafu unabaki palepale, hewa inapita njia ya mkato bila kugusa sehemu yenye moto, na chembe za chuma zinaweza kuleta shoti.

Wapo watakaosema kuwa fulani alitoboa na ikapona. Muulizeni vizuri: je, alipoifungua hakufuta vumbi kwanza?

Maoni yangu ni kwamba tufuate utaratibu. Mashine izimwe, betri itolewe, feni na mapezi visafishwe kwa brashi laini. Ile grisi iliyo kati ya prosesa na bamba la kupozea, ikiwa imekauka, ipakwe mpya, kiasi kidogo tu. Kisha tuingie kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, tushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Katika mashine nyingi prosesa huacha kujiongezea kasi ya ziada, na joto hushuka. Anayechapa barua au kusikiliza darasa hataona tofauti. Mwisho, tuache kuiweka juu ya godoro. Iwekwe mezani, nyuma ikiinuliwa kwa vipande viwili vya mbao. Haya yote hayafikii hata kidogo bei ya mashine nyingine.

Wazazi, mnapoipeleka kwa fundi, semeni mapema: safisha kwanza, drili kaa nayo. Nanyi wanafunzi, mali ya mzazi ni amana mikononi mwenu. Haraka haraka haina baraka.