Miavuli ya Simi-Simi na Hesabu Isiyotimia

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, yapata saa kumi na mbili, ndege tano za Marekani aina ya C-130 zilipita chini chini juu ya uwanja wa Simi-Simi, magharibi ya mji wetu wa Kisangani nchini Kongo, uliokuwa ukiitwa Stanleyville, zikawaangusha askari wa miavuli wa Ubelgiji zaidi ya 300, chini ya amri ya Kanali Charles Laurent, ambao safari yao ilianzia kwao, ikapitia kisiwa cha Ascension na kambi ya Kamina, ili wawakomboe wageni wapatao 1,600 waliozuiliwa na serikali ya waasi wa Simba iliyoongozwa na Christophe Gbenye. Wataalamu wa vita wangali wakiitalii siku hiyo, nami sikatai kwamba roho nyingi ziliokolewa. Ninalolikataa ni kuihesabu kazi ile kuwa ilitimia.

Nguvu ya askari washukao kutoka angani ni kufika ghafula mahali ambapo adui hakutazamia, lakini nyayo zao zigusapo ardhi wanageuka kuwa askari wa miguu walio wachache, wasio na silaha nzito wala akiba ya kutosha, ambao hawana budi kuushika uwanja wa ndege na kuungana na jeshi la nchi kavu kabla hawajazidiwa. Kwa hiyo ilichaguliwa Simi-Simi, na kwa hiyo msafara wa jeshi la serikali na mamluki, chini ya Kanali Vandewalle, ulikuwa ukija kwa barabara, ukaingia mjini siku ileile kabla ya adhuhuri. Ila mapipa yaliyotandazwa juu ya njia ya ndege yalikuwa sharti yaondolewe kwanza, na kati ya uwanja na hoteli ya Victoria, walimofungiwa mateka wengi, palikuwa na kilometa chache ambazo hakuna mwavuli uwezao kuzifupisha. Mngurumo wa ndege uliokuja kuwaokoa ndio uliowazindua walinzi wao. Mateka wakatolewa, wakaketishwa barabarani, na kabla ya saa mbili wakamiminiwa risasi, hali waokozi wao wamekwisha karibia. Akafa hapo tabibu Mmarekani Paul Carlson. Na ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, ambako askari wale hawakuvuka, wamisionari waliuawa baada ya mji kutekwa.

Kanuni ileile ilionekana tena miaka 34 baadaye: mwezi Agosti 1998, jeshi la Rwanda liliwapakia watu wake katika ndege huko Goma, likawashusha Kitona, upande wa pili wa nchi hii kubwa. Wakaliteka bwawa la Inga, Kinshasa ikaingia gizani, lakini maadamu hapakuwa na msafara wa nchi kavu wa kuwaunga mkono, majeshi ya Angola na Zimbabwe yalipoingia vitani upande wa Kinshasa walikatiwa njia.

Hayo ni ya majemadari. Lililo langu, mimi mkazi wa Boyoma, ndiyo Kisangani yetu, ni swali la nani aliandikwa katika daftari ya kuokolewa. Wakongo kwa maelfu waliuawa na Simba katika miezi ile ya kutawala kwao, wengine mbele ya sanamu ya Lumumba. Na baada ya Novemba wakauawa wengine kwa maelfu mikononi mwa askari wa serikali na mamluki, kijana akitosha kuitwa Simba kwa kuwa ni kijana. Wabelgiji, walipokwisha kushuka Paulis, ndiyo Isiro ya leo, tarehe 26, waliondoka nchini kabla ya mwezi kwisha, kwani tadbiri yao ilikuwa na siku ya kuingia na siku ya kutoka, wala haikuwa na neno juu ya watakaobaki.

Majina ya wageni waliokufa yamehifadhiwa, nayo ni haki yao. Ya kwetu hayajakusanywa mtaa kwa mtaa, kutoka Makiso hadi Lubunga, na kazi hiyo yaweza kuanzwa na chuo kikuu chetu, maparokia, misikiti na ofisi za komini, kwa kalamu na daftari tu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 alipoiona miavuli ile ikifunguka sasa amepita miaka 70.