Jina la Wamachinga Lirudishwe Lindi

Miongoni mwa maelezo yanayorudiwa redioni, kwenye semina za ujasiriamali na hata madarasani, hakuna linalochosha kama lile linalodai kwamba neno machinga, yaani mchuuzi mdogo anayetembeza bidhaa mitaani, limetokana na maneno ya Kiingereza "marching guys", eti kwa sababu wachuuzi hao hutembea kutwa kama askari walio kwenye gwaride. Kauli hiyo imesikika tena hewani hivi karibuni, ikitolewa kwa sauti ya mtu anayefichua siri kubwa, na hakuna aliyekuwapo studioni aliyeuliza ni nani aliyeyatamka maneno hayo kwanza, wapi, na kwa nani. Katika etimolojia, ambayo ni taaluma ya kuchunguza chimbuko la maneno, maelezo ya aina hii huitwa etimolojia ya umma: watu hukutana na neno wasilolijua asili yake, wakalifananisha na sauti wanazozijua, kisha wakatunga kisa cha kuziunganisha.

Ukweli uko karibu sana, nao unasikitisha kwa jinsi unavyopuuzwa. Wamachinga ni watu wa Mkoa wa Lindi, wenye lugha yao na majirani zao Wamwera, na jina hilo linajulikana hata Malawi, ambako ipo wilaya nzima iitwayo Machinga kutokana na tawi la Wayao. Vijana wa kusini walipomiminika Dar es Salaam na kuanza kupita na mashati mabegani na vyombo vya plastiki mikononi, wenyeji wa jiji waliwaita kwa jina la kwao, kama walivyokwisha kuzoea kumwita mwenye duka Mpemba, au Mangi, neno la Kichaga lenye maana ya mtawala. Baadaye jina likaiacha asili ya mtu likaishika kazi yake, hata Msukuma na Mgogo wakawa wamachinga kwa sababu tu wanatembeza soksi.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote umo katika ngeli, yaani makundi ambamo Kiswahili hupanga majina yake. Husemwa mmachinga mmoja na wamachinga wawili, sawasawa na Mmakonde na Wamakonde, Mmakua na Wamakua, Mmwera na Wamwera. Maneno ya Kiingereza yanayotaja watu wa kazi fulani hayapiti mlango huo, kwani kocha huzaa makocha, meneja huzaa mameneja, dereva huzaa madereva, na hajapata kutokea mtu akasema mkocha na wakocha. Neno machinga limevaa vazi la jina la kabila kwa sababu ni jina la kabila. Isitoshe, utohoaji, ambao ni kuyavika maneno ya kigeni sauti za Kiswahili, hupenda zaidi kuongeza irabu kuliko kutupa vipande vya neno: "keep left" ya barabarani imekuwa kipilefti bila kupoteza konsonanti hata moja, na "mudguard" ya baiskeli imekuwa madigadi. Wanaoshikilia "marching guys" waeleze mkia wa maneno yao ulipotelea wapi, tena waeleze kwa nini Waingereza wenyewe hawajawahi kumwita mchuuzi kwa msemo huo.

Utetezi unaotolewa kila mara ni Kariakoo. Husemwa kwamba, kwa kuwa jina la soko hilo limetokana na "Carrier Corps", basi na machinga nalo linaweza kuwa la Kiingereza, hoja ambayo ni sawa na kudai kwamba, kwa kuwa jirani mmoja ana baba Mwingereza, mtaa mzima umezaliwa Uingereza. Kariakoo ina ushahidi, kwani Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kikapiga kambi mahali hapo, na Nairobi nayo ikabaki na Kariokor yake kutokana na kikosi hichohicho. Neno manamba nalo lina ushahidi, kwa kuwa vibarua wa mashamba ya mkonge walitambuliwa kwa namba walizopewa. "Marching guys" haina kambi, haina kikosi, haina karatasi wala shahidi.

Ugonjwa huu wa kukitafutia kila kitu mzazi wa Kiingereza ndio ule unaofanya duka la mtaani liandikwe jina ambalo mwenyewe hawezi kulitamka, na unaomfanya mzazi ajisifu kwamba mwanawe hajui Kiswahili. Hapa, hata hivyo, unafuta pia historia ya watu. Vijana wa Lindi hawakuja Dar es Salaam kufanya gwaride. Walitoka katika mikoa ambako mradi mkubwa wa karanga wa wakoloni ulianguka Nachingwea, na ambako safari ya kuelekea jijini ilitegemea kivuko cha Ndundu hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, tena masika barabara iligeuka tope na abiria wakalala njiani. Walipofika walikutana na sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983, iliyowahesabu wasio na ajira rasmi kuwa wazururaji wa kurudishwa vijijini, kisha wakaja mgambo wa kuwamwagia bidhaa, na miaka mingi baadaye, mwaka 2018, vitambulisho vya shilingi 20,000. Katika dhiki yote hiyo walikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mgambo aliyeweza kukipakia kwenye gari, nacho ni jina la kwao, ambalo leo linasomeka Ilala, Dar es Salaam, kwenye jengo la ghorofa liitwalo Machinga Complex, na neno lisilo la Lindi katika jina hilo ni la pili peke yake.