Punje Moja na Nyumba Sitini na Nne

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeona tuzungumze juu ya namba moja tu: 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu 20, na wanavyuoni wa Kiislamu waliijua tangu miaka elfu moja iliyopita.

Kisa chake ni mashuhuri. Mfalme wa Bara Hindi alitaka kumtuza mtu aliyebuni sataranji, akamwambia achague zawadi. (Hukumu ya mchezo wenyewe wanavyuoni wamehitilafiana, nasi hatuiingii leo.) Yule bwana akaomba punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, na hivyo hivyo maradufu hadi nyumba ya 64. Mfalme aliliona ombi la kimasikini. Kadhi Ibn Khallikan, aliyekisimulia kisa hiki katika karne ya 13, hakuisadiki hesabu mpaka mwanahesabu mmoja wa Iskandaria alipomwonyesha. Na lau mtu angehesabu punje moja kila sekunde, pasi na kulala, angehitaji miaka zaidi ya bilioni 580.

Al-Biruni, rahimahullah, hakujumlisha nyumba moja moja. Alichukua 16 akaizidisha kwa nafsi yake, ikawa 256. Hiyo nayo kwa nafsi yake, 65,536. Tena, 4,294,967,296. Akazidisha mara ya nne, kisha akatoa moja, namba yetu ikapatikana. Kwa nini moja itolewe? Tazameni nyumba za mwanzo: 1, 2 na 4 jumla yake ni 7, na nyumba inayofuata ina 8. Kila nyumba huzishinda zote zilizotangulia kwa punje moja. Basi jumla ya nyumba zote 64 ni pungufu ya moja kwa ile ambayo ingekaa nyumba ya 65, lau ingekuwako.

Pamoja na ukubwa wake, namba hii hugawanyika kwa 3, kwa 5 na kwa 17 bila baki. Mwenye kutaka kuihakiki ile 3 akusanye tarakimu zake, atapata 87.

Deni la riba lina tabia hiyo hiyo, hata lisipozidi maradufu kila hatua. Shilingi 10,000 zilizokopwa kwa nyongeza ya asilimia 10 kila mwezi, nyongeza nayo ikitozwa nyongeza, huonekana nyepesi: mwezi wa kwanza ni 1,000 tu. Mwezi wa nane deni limepita 21,400. Mwaka ukitimia bila kulipwa, ni 31,384. Aya ya 130 ya Surat Aal Imran inaizungumzia riba ya namna hii hasa, inayorudufika juu ya yenyewe.

Kina mama, hesabu hii binti yenu anayejua kuzidisha anaiweza kwa kalamu na karatasi. Mpeni aifanye kabla mtu yeyote nyumbani hajatia saini.