Nia ya Barbara Jordan na njia iliyofungwa

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Sithubutu kuwakosoa, lakini kila nisomapo maisha ya Barbara Jordan wa jimbo la Texas, Marekani, huona kwamba methali hiyo imetuambia nusu tu ya mambo.

Mmarekani Mweusi huyu alizaliwa mjini Houston mwaka 1936. Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1959, kisha akarejea nyumbani kufanya kazi ya uwakili. Mwaka 1962 aliwania kiti katika Baraza la Wawakilishi la Texas, akashindwa. Mwaka 1964 akarudi ulingoni, akashindwa tena.

Je, alikosa akili, ufasaha au bidii? La hasha! Wagombea walipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris, na kura za Weusi, waliokuwa wachache, zilimezwa na za Wazungu. Isitoshe, Texas ilimtoza raia kodi kabla ya kumruhusu kupiga kura. Mlalahoi angeitoa wapi?

Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uwakilishi katika mabunge ya majimbo sharti yakaribiane kwa idadi ya watu. Texas ikalazimika kuchora mipaka upya. Mapema mwaka 1966 kodi ile nayo ikabatilishwa mahakamani. Mwaka huohuo Jordan akagombea Seneti ya jimbo katika eneo jipya, akashinda. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuketi humo, na Mweusi wa kwanza tangu mwaka 1883. Mgombea alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni ramani na sheria.

Mlango ulipofunguka, kipawa kilijidhihirisha. Mwaka 1972 maseneta wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na tarehe 10 Juni akakaimu ugavana kwa siku moja. Mwaka huo pia alichaguliwa kuingia katika Bunge la taifa. Alistaafu siasa mwaka 1979, akawa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, hadi alipofariki mwaka 1996.

Walimu wenzangu, tuwasimuliapo wanafunzi habari za mashujaa, tusiishie kuwahimiza wajitahidi. Tuwafunze pia kuuliza: mipaka ilichorwa na nani, na kwa faida ya nani? Nia ya Jordan ilikuwapo tangu 1962. Njia ilichelewa miaka minne.