Saa ya Safari na Mikono ya Wakulima



Kuna maneno yasemwayo sana bwenini kwetu, kwamba kazi ya fundi saa ni ya mtu aliyeshindwa masomo. Mimi siyakubali, na sababu zangu ni hizi.

Wengine wenu mmepata kuiona saa ndogo ya Kijerumani ya kusafiria. Hukunjwa ikafungwa ndani ya kijaluba, na ikifunguliwa husimama mezani yenyewe. Viwanda vya Junghans mjini Schramberg na Kienzle mjini Schwenningen vilitengeneza nyingi. Babu yangu hapa Ifakara anayo moja, na bado yamwamsha alfajiri bila umeme wala betri. Ukiitia ufunguo, utepe wa chuma ulio ndani hujikaza. Ukilegea polepole husukuma magurudumu yenye meno, na gurudumu dogo liendalo huku na huku huyazuia yasiende mbio. Sauti ile ya tik, tik ndiyo sauti ya kuzuiwa huko.

Je, ufundi huu ulitoka wapi? Wako wanaodhani Wajerumani walizaliwa nao. Sivyo. Katika milima ya Schwarzwald, yaani Msitu Mweusi, tangu karne ya 17 wakulima walichonga saa wakati wa baridi, theluji ilipowazuia kwenda shambani. Hata magurudumu ya saa zao za kwanza yalikuwa ya mbao. Mwaka 1850 serikali ya Baden ilifungua shule ya ufundi wa saa katika mji wa Furtwangen. Junghans ilianza mwaka 1861. Basi saa ya babu asili yake ni jembe, msitu, na miezi isiyo na kazi.

Sasa tulitazame bonde letu la Kilombero. Sisi pia tu wakulima. Mpunga ukishavunwa, vijana wengi hushinda barazani hadi mvua zirudi. Mafundi tunao: mtu achongaye mtumbwi kwa gogo moja, ukaelea sawa mtoni, ana jicho la vipimo kama mtengeneza saa. Hatukukosa akili wala mikono. Tulichokosa ni kuiheshimu kazi hiyo na mahali pa kuifundisha.

Wengine watasema simu imekwisha kuiua saa. Ni kweli wateja wamepungua, ingawa sisi wa bweni haturuhusiwi simu, na saa ya kutia ufunguo yatufaa sana. Lakini aliyejifunza kuifungua saa, kupanga vipande vyake juu ya kitambaa, kuvisafisha na kurudisha kila skrubu mahali pake, hatashindwa na cherehani wala pampu ya maji.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mtihani wetu huwa Novemba na matokeo hutoka Januari. Majuma hayo ya kungoja ndiyo theluji yetu. Kila mmoja amwendee fundi, aombe kufundishwa. Nami nimekwisha kupatana na fundi mmoja wa sokoni. Tena nawaomba walimu wetu watupe chumba kimoja, Jumamosi moja kila mwezi. Saa mbovu zilizolala makabatini majumbani mwetu zitatosha kuwa vitabu vya kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne