Kidato cha Mkwezi

Wadau, nimerudi juzi kutoka Janga, Kibaha, na roho bado haijatulia. Jirani wa mjomba wangu alikuwa anakatisha mwembe ulioinamia nyumba yake. Kijana akapanda pekupeku, panga kiunoni. Kamba ilikuwepo, tena nzuri. Imefungwa wapi? Kwenye tawi, lisije likaangukia bati! Kijana mwenyewe hakufungwa na chochote.

Yaani bati lina thamani kuliko mtu?

Nikauliza. Nikajibiwa, "Huyu kazoea, hawezi kuanguka." Jamani! Uzoefu haumshiki mtu tawi linapokatika. Na akianguka tutasema ni mipango ya Mungu, tutachanga nauli ya hospitali, basi.

Wanaofanya kazi hii kitaalamu huweza kupanda kwa kamba moja tu. Wanarusha kamba nyembamba yenye kizito ipite kwenye panda imara, inavuta kamba nene, kisha ncha moja ya kamba hiyo inafungwa chini kwenye shina. Wanaining'inia kwanza kuijaribu. Ndipo mpandaji, akiwa amevaa mkanda wa kiunoni na mapajani, anapanda ile kamba na siyo mti, kwa vishikio vinavyokwenda juu bila kuteleza kurudi chini. Akifika pa kukata anajifunga mkanda wa pili kwenye mti, maana panga likikosea likakata kamba, kitu kingine kitamshika. Mnazi hauna panda, kwa hiyo huko mkanda unazungushwa kwenye shina lenyewe.

Mtasema vifaa ni ghali. Kweli, kwa kibarua. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kujikinga. Sisi tunapatana bei ya mti, tunampunja, halafu shingo yake tunamwachia mwenyewe.

Na hapa nawageukia nyie wasomi wenzangu. Kidato tunachojivunia, cha nne, cha sita, ni neno lilelile la mkato anaochonga mkwezi kwenye mnazi apate pa kukanyaga. Sisi vidato vyetu vimetufikisha chuo kikuu. Yeye tumemwacha kulekule juu, bila kamba.

Siku ukimwita mtu wa kukata mti, muulize kwanza kamba yake iko wapi. Kama hana, mnunulie au mti usubiri. Mnasemaje wadau?